Wati Elfu Kumi na Mbili za Tabora

Juu ya boksi pameandikwa wati 12,000, kwa herufi nyekundu zenye miale ya moto. Nyuma ya chombo chenyewe, kwenye kibati kidogo karibu na waya wa umeme, pameandikwa volti 230, hezi 50, wati 60. Nilikuwa nimeinama ndani ya duka moja karibu na Soko Kuu la Tabora, miwani imenishukia puani, na kijana wa duka akadhani natafuta mahali palipokwaruzwa.

"Mzee wangu, hii mpya kabisa."

Nikamwambia najua, naisoma tu.

Kibati kile kimeandikwa kwa ajili ya fundi umeme. Boksi limeandikwa kwa ajili yangu. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 12,000, kama vile debe moja la mahindi lisivyoweza kutoa madebe mia mbili ya unga. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiweka daftari la vinara: kikubwa kuliko vyote, kizito kuliko vyote, ghali kuliko vyote, katika shughuli hii ya kutafutia sebule sauti ya sinema kwa laki nne mfukoni. Waamuzi ni wawili, mimi na fundi redio wa Isevya ambaye hatukubaliani mara nyingi. Zawadi hakuna.

UONGO MKUBWA KULIKO WOTE

Taji hili halina mshindani. Nambari ya boksi inaitwa PMPO, na hakuna kipimo kilichokubaliwa popote cha kuipata. Kila kiwanda kinajipikia. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani wati zinazotoka mfululizo bila sauti kupasuka. Wala ujanja huu haukuanzia kwetu. Marekani ilibidi itoe kanuni mwaka 1974 ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja wati kwa njia moja, maana kabla ya hapo kila mmoja alikuwa bingwa kwenye tangazo lake mwenyewe.

Kama hujapata RMS, soma kibati cha nyuma kisha ugawanye kwa mbili. Hizo ndizo wati unazonunua, za spika zote kwa jumla. Ukikosea, utakuwa umekosea upande wa usalama. Zile 12,000 zangu zilikuwa 30.

Na 30, kama tutakavyoona, si haba.

AMPLIFAYA KONGWE KULIKO ZOTE NJIA HII

Haikuwa na waya. Misafara ilipokuwa ikitembea kati ya Unyanyembe, yaani huku Tabora, na pwani, kirangozi alitangulia na baragumu, pembe ya tandala, akaipuliza ili watu waliotawanyika nyuma wajue kichwa cha msafara kiko wapi. Mapafu yake ni yaleyale ya mtu yeyote. Pembe haiongezi nguvu. Inaishika hewa vizuri, ili pumzi isipotee bure.

Kanuni ya pembe ile haijabadilika. Tazama zile spika za mdomo mpana zilizo juu ya minara ya misikiti na juu ya gari la matangazo linalopita Ng'ambo jioni. Nyingi zake hutoa desibeli 105 hivi kwa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake. Spika ya kawaida ya sebuleni hutoa kati ya 85 na 90. Tofauti ya desibeli 20 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mia. Ndiyo maana gari la matangazo linaamsha mtaa mzima kwa betri ya gari, na sabufa ya wati elfu kumi na mbili haifiki kwa jirani.

Simshauri mtu aweke honi ya msikiti sebuleni. Sauti yake ni ya kutangaza, si ya kusikiliza mvua ndani ya filamu. Lakini pembe ya kirangozi inafundisha kitu ambacho boksi linakificha: nguvu ni jambo moja, na namna spika inavyoitumia nguvu hiyo ni jambo lingine.

WATI KUBWA KULIKO ZOTE

Ni ya kwanza. Hapa fundi wangu wa Isevya na mimi tulipigana kwa maneno nusu siku, kwa hiyo nivumilie na hesabu.

Kila spika nzuri ina nambari ya unyeti: desibeli ngapi kwa wati moja, ukiwa mita moja. Chukua spika ya 88. Mimi nakaa mita tatu kutoka kwenye televisheni. Katika umbali huo sauti inapungua karibu desibeli 9 na nusu, lakini kuta za tofali na sakafu ya marumaru zinarudisha sehemu yake, na spika ni mbili. Nabaki na desibeli 80 na ushee. Kwa wati moja! Hiyo ni sauti ambayo mke wangu akiwa jikoni anauliza kama kuna harusi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma bila kuhatarisha masikio. Zikifika 90, saa hizo zinabaki nne.

Sasa ongeza nguvu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakiona kama hatua moja ndogo ya kitufe. Ili usikie kwamba sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Kutoka moja hadi kumi ni safari moja. Kutoka kumi hadi mia ni safari ileile, ila nauli yake ni wati 90. Mtu anayehangaika kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 anahangaikia desibeli 3, na desibeli hizo hizo angeweza kuzipata kwa kununua spika ya unyeti 91 badala ya 88, akabaki na amplifaya ndogo.

Ndiyo maana katika laki nne zangu nasema laki mbili na nusu ziende kwenye spika. Fundi anasema hapana: spika ataziunda mwenyewe kwa mbao, amplifaya ndiyo haiundiki. Ana hoja, kwa sababu anaishi katika mji wa mninga na anajua kuranda. Lakini hata yeye, nilipomuuliza boksi la spika alilolitengeneza lina unyeti gani, alinitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake.

Kuna tahadhari moja upande wa pili. Amplifaya ndogo ikisukumwa hadi mwisho wa kitufe, sauti inapasuka, na mpasuko huo unapeleka nguvu nyingi kwenye spika ndogo ya juu, ile ya sauti nyembamba. Spika hiyo inaungua kimyakimya. Watu husema amplifaya ilikuwa kubwa mno. Mara nyingi ilikuwa ndogo mno na mwenye nyumba alikuwa na wageni.

MZIGO MZITO KULIKO YOTE

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, na bado akaweka juu yake mkeka na sufuria yake. Waingereza Burton na Speke walioondoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, zaidi ya siku 130 njiani, na sehemu kubwa ya ushanga na vitambaa walivyokuwa navyo ilipita mabegani mwa watu. Katika biashara ile mizani ndiyo ilikuwa hakimu.

Nami nawaomba wanunuzi wa amplifaya za mtumba waende na mizani, au angalau na mikono. Amplifaya ya zamani yenye wati 50 za kweli kila upande ina transfoma la chuma na shaba, ina kapasita nene kama kopo la maziwa, ina mapezi ya aluminiamu ya kupoozea. Haishikiki kwa mkono mmoja. Kama inajidai wati hizo na uzito wake haufiki nusu frasila, iulize maswali. Fundi wangu anaitikisa kwanza. Sauti ya kitu kinachogongana ndani inampa habari zote. Kisha anainusa. Sicheki tena akiinusa.

Kinachofuata ni kufungua mfuniko. Jozi ya transista inayopendwa na mafundi, 2SC5200 na 2SA1943, inaghushiwa sana. Ya bandia ina kipande kidogo cha silikoni ndani ya nguo kubwa, na hufa siku ya kwanza ya kazi nzito. Amplifaya ambayo transista zake ni za kiwandani na lehemu yake haijaguswa, hata kama kava lake limepigwa, ni bora kuliko inayong'aa iliyokwisha kufanyiwa matengenezo mara tatu.

KOSA GHALI KULIKO YOTE

Ni langu, na nalisimulia ili gharama yake igawanywe.

Nilinunua risiva ya mtumba iliyotoka Japani. Nzito, safi, mwendo wa vitufe kama siagi. Ilisafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, nami nikaipokea kama mgeni. Niliichomeka ukutani. Ilinguruma sekunde mbili, ikatoa harufu ya sukari inayoungua, halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya juu, taratibu, bila haraka yoyote.

Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Kibati cha nyuma kilikuwa kimesema hivyo kwa nambari zinazosomeka, na mimi, msomaji mkubwa wa vibati, nilikuwa nimesoma vya watu wengine.

Kwa hiyo: cha Japani volti 100, cha Marekani 120, cha Ulaya na Dubai kati ya 220 na 240. Cha Japani kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na uwezo unaozidi ulaji ulioandikwa kwenye kibati. Bei yake iingize kwenye hesabu kabla hujafurahia bei ya amplifaya. Cha Marekani kinaihitaji pia, na kina tatizo la pili: kimeundwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 zetu transfoma lake linapata joto zaidi. Cha Japani kwa kawaida kinazikubali zote mbili, kwa sababu nchi ile ina masafa mawili ya umeme, 50 mashariki na 60 magharibi, tangu karne ya kumi na tisa, Tokyo iliponunua mashine za Kijerumani na Osaka ikanunua za Kimarekani. Hawajapatana mpaka leo.

Kosa la pili kwa ughali ni kuongeza spika. Mtu ana spika mbili za omu 4, anaongeza mbili nyingine kwenye matundu yaleyale. Sasa amplifaya inaona omu 2, inatoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, na moshi unatoka palepale ulipotokea wangu. Na ukinunua seti ya homu thieta ya boksi moja, tazama nyuma ya spika: nyingi ni za omu 3 na zina plagi zake za rangi zisizoingia kwingine. Amplifaya yake ikifa, spika zinakuwa vyombo vya kuwekea maua.

ILIYOUZWA SANA

Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya iliyoitwa 3020. Kava la kijivu, vitufe vya plastiki, sura ya kitu kilichosahaulika ghalani, na wati 20 tu kwa kila upande. Iliuzwa kwa zaidi ya milioni moja, na mara nyingi hutajwa kuwa amplifaya ya muziki iliyouzwa kuliko zote duniani. Walioibuni walitambua kwamba msikilizaji haishi kwenye wati 20. Anaishi kwenye wati moja, na mara chache, ngoma ikilia, anahitaji ruhusa ya kuruka juu kwa kufumba na kufumbua. Wakaipa nafasi ya kuruka. Nikiikuta sokoni Tabora nitainunua kabla sijauliza bei, na fundi ameapa kunicheka.

NDOGO KULIKO ZOTE

Chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments haizidi ukucha wa kidole gumba. Inatoa mpaka wati 50 kwa kila upande, spika mbili za omu 4, ikipewa volti 21. Inafanya hivyo kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde, kwa hiyo karibu asilimia 90 ya umeme inakuwa sauti na kidogo tu kinakuwa joto. Chipu za aina hii zimeivunja sheria yangu ya mizani, na nakiri. Kwa vyombo hivi, acha uzito, soma adapta. Zidisha volti kwa ampea. Adapta ya kompyuta ya volti 19 na ampea 4.74 ni wati 90; amplifaya inayolishwa nayo haitatoa zaidi ya hapo hata ikiandikwa elfu tano usoni.

Kwa wasio na umeme wa gridi, huko Urambo, Kaliua na Sikonge ambako pesa ya tumbaku ikitoka paneli ya sola na betri hununuliwa pamoja na mabati, hesabu ni kali zaidi na ni tamu zaidi. Betri ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja na chipu ya amplifaya, spika ya omu 4 haiwezi kupata zaidi ya wati 18 safi. Chukua 12 mara 12, upate 144, gawanya kwa 8. Betri ikiwa inachajiwa na jua limekaza, volti zikapanda mpaka 14.4, unafika 26. Ili kupita hapo, chombo lazima kiwe na saketi ya kupandisha volti ndani yake, na saketi hiyo inainywa betri. Kwa hesabu hiyo, betri ileile inayompa mtu usiku mzima wa wati tano inaisha mapema zaidi kwa anayetaka kujionyesha.

Wati tano, kwa spika ya unyeti 91, zinatosha kucheza sebuleni. Nimejaribu.

NENO LILILOPANDA CHEO

Sabufa. Kwa waliolibuni neno hilo ni spika moja tu, ya sauti nzito za chini. Tanzania imelipandisha likawa seti nzima: boksi kubwa, spika ndogo mbili au tatu, amplifaya iliyofichwa ndani, redio, bluetooth na taa za kuchezacheza. Sina ugomvi. Sabufa ndilo chaguo la wengi, na kwa fedha kidogo kabisa ndilo chaguo la haki. Ila ujue kwamba sauti ya hezi 20, ile ya chini kabisa ambayo sikio linaweza kuishika, ina wimbi lenye urefu wa mita 17. Boksi la plastiki lenye ukubwa wa ndoo halitoi wimbi hilo. Linachotoa ni mdundo wa hezi 80 au 100 uliotiwa chumvi, na nusu yake ni kabati linalotetemeka.

SPIKA MUHIMU KULIKO ZOTE

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Bara tulisubiri mpaka 1994. Katika miaka hiyo ya kusubiri, na mingi iliyofuata, sinema ya mtu wa kawaida ilikuwa kibanda umiza: benchi, pazia jeusi, deki, televisheni ya mgongo, na spika zilizofanya kazi kuliko spika zozote nchini. Ndani ya vibanda hivyo, na baadaye kwenye kanda na diski, ilisikika sauti ya Kapteni Derek Mukandala, Lufufu, akitafsiri filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili huku inakwenda, akiongeza ucheshi wake na ushauri kwa mhusika anayekaribia kuuawa. Mdundo ulikuwa mbovu. Hakuna aliyelalamika. Neno lilisikika.

Wauzaji wanatupa spika tano na sabufa, nao wanasifu zile mbili za nyuma. Vipindi vingi vinavyotoka kwenye king'amuzi ni vya sauti ya pande mbili tu. Hizo za nyuma zinarudia za mbele. Mwenye laki nne anunue spika mbili nzuri. Akibakiwa na kitu, ya tatu iwe ya katikati, chini ya televisheni, inayobeba mazungumzo, ili bibi asikie tamthilia ya Kituruki inasema nini bila kumwamrisha mjukuu aongeze sauti. Za nyuma zingoje mavuno yajayo.

TUNDU LENYE THAMANI ILIYOFICHIKA

HDMI ilizaliwa Desemba 2002. Risiva nzuri sana zilizotengenezwa miaka michache kabla na baada ya hapo hazina tundu hilo, na kwa sababu hiyo Ulaya na Uarabuni wanazitoa kama wanaotoa magazeti ya jana. Lakini nyuma yake pana tundu dogo la mraba, lile ambalo plagi yake ukiitazama ina mwanga mwekundu. Ni waya wa mwanga, Toshiba waliuanzisha mwaka 1983, na televisheni nyingi za bapa zinao mpaka leo. Unapitisha Dolby Digital na DTS bila shida. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, uchague tundu hilo. Risiva ikikaa kimya, badilisha iwe PCM.

Huu ndio ununuzi bora niliofanya: risiva ya Ulaya, volti 230, kilo zake kumi na kitu, isiyo na HDMI, iliyokuwa imekaa chini ya meza ya mtu kwa sababu "haina tundu la kisasa". Sikumsahihisha.

KIPIMO BORA CHA BURE

Tabora ilikuwa na bendi nyingi kuliko ukubwa wake: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga. Nyingi za rekodi zile za zamani ni za mono, na hapo ndipo zinapomsaidia mnunuzi. Weka Dada Asha wa Tabora Jazz, kaa katikati ya spika mbili, fumba macho. Sauti ya mwimbaji lazima isimame mbele yako, katikati, mahali pasipo na spika. Ikiwa imetawanyika, haina makazi, na besi imekauka, basi waya wa spika moja umegeuzwa, jumlisha imekaa kwenye toa. Geuza. Nimetengeneza hivyo "ubovu" wa seti tatu za majirani wa Kanyenye, na wote walidhani nimebadilisha kifaa ndani.

Kipimo cha pili: zima muziki, pandisha kitufe hadi nusu, sogeza sikio. Mvumo mzito wa chini unasema kapasita zimechoka.

KELELE KUBWA KULIKO ZOTE

Agosti 27, 1883, volkano ya Krakatau ilipopasuka, mlio ulisikika kisiwani Rodrigues, upande wa Mauritius, umbali wa kilomita 4,800, saa nne baadaye. Mkuu wa polisi wa kisiwa alidhani ni mizinga. Mtemi Mirambo alikuwa bado hai Urambo, mwaka mmoja na ushee kabla ya kufa. Hakuna boksi lililothubutu kujilinganisha, ingawa nasubiri.

Kelele kubwa ya Tabora mimi naijua: mvua ya Desemba juu ya bati lisilo na dari. Hakuna amplifaya ya laki nne inayoishinda. Weka dari.

WAYA

Kuna kebo zinauzwa zikiwa na plagi za dhahabu. Tabora ina historia na dhahabu: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walipiga sarafu za rupia 15 za dhahabu katika karakana ya reli hapa hapa mjini, zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wanazigombania. Lakini kwa kupitisha umeme dhahabu ni ya tatu. Ya kwanza ni fedha, kisha shaba, nyuma yake kwa asilimia tano au sita tu. Dhahabu inapata kama asilimia 70 ya shaba. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu, basi.

Kwa spika nunua shaba. Nyaya nyingi za bei nafuu zinazong'aa kama shaba ni aluminiamu iliyopakwa, na aluminiamu inapitisha kama asilimia 61 ya shaba. Kwangua kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, rudisha. Waya laini wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi unatosha sebule yoyote ya Tabora, nao unauzwa kwa mita bila sanduku la velveti.

Wazee wetu walijua shaba. Msiri, mtu wa huku, alikwenda Katanga akaanzisha dola yake Bunkeya, akaitawala mpaka alipouawa mwaka 1891, na shaba ya kule ilipita Unyanyembe kuelekea pwani. Upande mwingine yalikuja masango, nyaya nene za madini, zikatumika kama fedha za kununulia chakula njiani.

Ile risiva yangu ya Japani fundi aliifungua mbele yangu. Transista alizichukua yeye, mapezi tukakubaliana nusu kwa nusu. Transfoma lilikuwa jeusi. Alilikata kwa msumeno, akavuta nyaya zake kama mtu anayefumua sweta, akazikunja vizuri, tukaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi alizikwangua kwa kisu, akaona ni shaba mpaka ndani, akazitundika kwenye mizani. Nilipata nauli ya bodaboda kwenda na kurudi Ng'ambo, na chupa ndogo ya asali.